Dungusi la Ukutani

Ardhi ya kwetu hailitaki dungusi. Mama mkwe wangu Mbuke alilijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote kitongojini, maana kabla yake hakuna aliyewahi kujaribu kulipanda. Sisi Wandamba tumezoea mpunga na migomba, vitu vinavyopenda maji. Mmea wa miiba usio na majani, wenye viganja vinene vilivyoota kimoja juu ya kingine, mimi niliuona mara ya kwanza kwenye kitabu cha shule ya msingi, ukurasa wa jangwa, pembeni ya ngamia.

Mbuke alizaliwa Meatu, mbali sana na huku, kwenye nchi kavu ya Wasukuma. Kule, alikuwa akinisimulia tukipepeta mchele, kila mji ulizungushiwa dungusi. Mwanamume akipata mahali pa kujenga, kabla hajasimamisha nguzo hata moja, alichomeka dungusi kwenye pembe za kiwanja, na kuanzia hapo watu walipaita kwa fulani, hata kama fulani mwenyewe bado analala chini ya mkokoteni. Mwaka wa ukame, visima vilipobaki tope, baba yake alikata viganja, akavibabua motoni mpaka miiba ikaisha, akawalisha ndama. Ng'ombe wakubwa walikufa. Ndama wale waliishi.

"Maziwa yao ndiyo niliyokulia," aliniambia. "Kwa hiyo na mimi nimelelewa na dungusi."

Aliolewa akiwa binti mdogo. Mumewe alipoona malisho ya Meatu yameisha, waliswaga ng'ombe kwenda Usangu, safari ya miezi. Huko nako dungusi lilitangulia, nyumba ikafuata. Wakazaa, wakajenga, wakasahau kwamba ni wageni. Halafu ikaja amri kwamba mifugo yote itoke bondeni. Ng'ombe waliondoka kwa njia nyingi, wengine faini, wengine njiani, na baba mkwe wangu hakukaa muda mrefu baada yao. Watu walisema ni tumbo. Mbuke husema ni ng'ombe. Walimzika ndani ya zizi, kama wanavyowazika wenye miji yao, ila zizi lenyewe lilikuwa tupu. Mbuke akachomeka dungusi kichwani pa kaburi.

Siku ya kuondoka Usangu alikata kiganja kimoja pale kaburini, akakifunga kwenye khanga. Alipanda treni Makambako kuja Mlimba, kiganja kipo mapajani, na mume wangu Ndaki, aliyekuwa mtoto wa shule wakati ule, amemlalia upande mmoja. Miiba ilitoboa khanga ikamchoma paja njia nzima. Hakukihamishia upande wa pili kwa sababu upande wa pili ndiko alikolala Ndaki.

Hivyo ndivyo alivyofika kwetu, ng'ambo ya Idete kuelekea mbugani. Mwenyekiti wa kitongoji wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimpa kwa mdomo mahali ambapo hakuna mtu aliyepataka, juu ya mwinuko wa kichuguu cha zamani, katikati ya majaruba ya mpunga. Mbuke alichimba kwa mkono, akakipanda kile kiganja kabla ya kukata hata fito moja ya nyumba.

Masika ya kwanza lilioza. Lilianza chini, likawa laini kama papai lililopitiliza, likalala. Akakata sehemu ya juu iliyokuwa bado ngumu, akaipanda pa juu zaidi. Ikaoza. Mwishowe akabaki na kiganja kimoja kidogo, akakiweka ndani juu ya mtungi, na hata pale alikiona kinaanza kulegea. Siku hiyo alikuwa anakandika ukuta wa mbele. Udongo ulikuwa bado mbichi. Akakichukua kile kiganja, akakigandamiza ukutani, akakibandua. Alama ikabaki, na vitundu vya miiba vyote.

Mwaka uliofuata hakuwa na dungusi tena, akatumia mkono wake. Alibana vidole pamoja, akauchovya mkono kwenye udongo mweupe uliochanganywa na majivu, akaubandika juu ya ile alama ya kwanza. Miiba akaichora kwa njiti ya ufagio iliyochovywa kwenye masizi ya sufuria. Kuanzia hapo, kila masika yakiisha aliparudia palipofifia, halafu akaongeza kiganja kimoja kipya. Kimoja tu kwa mwaka. Dungusi likapanda ukutani pole pole, likatoa matawi kulia na kushoto ya mlango, kila tawi mahali pake. Vile viganja vya chini vilikuwa vimerudiwa miaka mingi, udongo juu ya udongo, hata ukipapasa ulisikia uvimbe kama kovu.

Mimi nililiona nikiwa binti, nikipita na mama kwenda kuvuna. Nilisimama. Mama akanivuta mkono, akasema hayo ni mambo ya Wasukuma, twende. Wote walisema hivyo. Ukitaka kumwelekeza mgeni ulimwambia, ukifika kwenye nyumba ya miiba, kata kushoto. Fransisko, jirani ambaye majaruba yake yanapakana na ule mwinuko, alikuwa na mchezo wake. Akipita na jembe begani huuliza kwa sauti, "Mama Ndaki, huo mti wako umezaa nini mwaka huu?" Mbuke hujibu, "Umezaa subira ya kukuvumilia wewe." Baada ya Ndaki kunichumbia, jibu likabadilika. "Umezaa mkwe, tena wa kwenu."

Kwetu walinong'ona. Mama aliniuliza kama vijana wa Kindamba wote wamekwisha. Lakini mjomba Vitus, kaka yake mama, aliyesimama mahali pa marehemu baba yangu, alikubali. Alikula ubwabwa kwenye ua ule siku ya harusi yetu, akausifu, akasema Wasukuma hawa si wale wa ng'ombe, hawa ni wakulima wenzetu. Ilikuwa kweli. Ng'ombe wachache aliowapata Mbuke huku walishakwisha kabla sijaingia mle ndani. Tulilima mpunga kama kila mtu. Zizi lilikuwa miti michache iliyoinama, kuku wakitagia humo.

Nilipojifungua Eliza, Mbuke alisubiri mpaka arobaini ipite. Asubuhi hiyo alikoroga udongo wake mweupe kwenye bakuli, akaniambia, "Mayu, nipe mtoto." Mayu ni neno la kwao, wanamwita mwanamke kwa heshima, na yeye aliniita hivyo tangu siku ya kwanza, mimi mtoto wa juzi. Eliza alikuwa amekunja ngumi hataki kuifungua. Bibi yake akaipulizia pumzi, pole pole, mpaka vidole vikalegea. Akavibana pamoja, akavichovya, akauinua mkono ule mdogo mpaka kwenye ncha ya tawi la kulia na kuugusisha ukutani. Kiganja kikatoka kidogo kama jani la mchicha. Hakukichorea miiba.

"Huyu bado," alisema.

Nilimuuliza kwa nini anahangaika na mmea usioota huku. Alikuwa anamfuta Eliza mkono kwa kitambaa. Akaniambia, "Mimi nimehama mara mbili, na ya pili nilifukuzwa. Nikiamka asubuhi nataka nikitoka mlangoni nione kwamba hapa ni kwangu. Ardhi imekataa kuniambia. Ukuta unaniambia."

Miaka miwili baadaye, mpunga ukiwa unaanza kutoa masuke, zikaja habari. Mipaka ya bonde inapimwa upya, timu inapita kitongoji kwa kitongoji, na wafugaji wataondolewa. Kila aliyetoka Ifakara alileta kipande chake cha habari. Wengine walisema wanaangalia kwato, wengine wanaangalia zizi, wengine wanasikiliza tu matamshi ya mtu. Mjomba Vitus sasa ndiye alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa amehudhuria kikao kwenye kata, na aliporudi alipitia kwetu kabla ya kwenda kwake.

Tulimwamkia, nikampa kigoda, nikampa maji. Hakuyanywa. Aliutazama ukuta muda mrefu.

"Mama mkwe," alimwambia Mbuke, maana ndivyo alivyomwita kwa ajili yangu, "hili dungusi lifuteni."

Mbuke alikuwa anasuka mkeka. Hakuinua kichwa. Mjomba akaeleza kwamba timu inapita na gari, haikai, inaangalia juu juu tu. Wakiona zizi wanajua. Wakiona ukuta huu wanajua zaidi, hauko mwingine bonde zima, unapiga kelele Wasukuma, Wasukuma. Wenye nyumba waking'oa yale magogo ya zizi na kukandika ukuta ukawa wa kawaida kama nyumba za Wandamba, watapitwa. Yeye atakuwa pamoja na timu, atawapitisha haraka.

"Sina ng'ombe," Mbuke alisema. "Hata mbuzi sina. Waje wahesabu."

"Hawahesabu. Wanaangalia."

Ndaki alisimama upande wa mjomba. Mume wangu ni mtu wa maneno machache, anayeogopa fujo tangu utotoni, tangu Usangu. Alimwambia mama yake afute tu, kitu chenyewe ni udongo, timu ikishapita atachora tena hata mara mbili. Mbuke akamuuliza kama kaburi la baba yake nalo ni udongo. Hapo Ndaki alitoka, akaenda kung'oa magogo ya zizi. Mjomba akaondoka, maji yake yamebaki palepale kwenye kikombe.

Mbuke hakusema na mwanawe siku ile wala iliyofuata. Mimi nilipika, niliosha, niliwaangalia. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amesimama mbele ya ukuta na Eliza mgongoni. Mtoto alikuwa ananyoosha mkono juu ya bega la bibi, anataka kukigusa kile kiganja chake kama alivyozoea. Mbuke alimsogeza karibu, akamwacha akiguse. Halafu akanirudishia mtoto.

"Niletee udongo wa jaruba," aliniambia. "Ule wa kijivu, kama wa kwenu."

Niliuchota, nikaukanyaga na makapi ya mpunga na maji kama mama alivyonifundisha. Nilitaka kumsaidia kukandika, akanikatalia. Alianza juu, kwenye matawi, akashuka. Alikandika kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka, bila haraka, hakuacha hata ncha. Viganja vya chini, vile vilivyovimba, vilikuwa havifuniki vizuri, ikabidi avimwagie maji na kuvisugua kwa gunzi mpaka vikalainika, ndipo udongo ukakaa. Alibakiza kile cha Eliza. Alikizunguka pande zote, kikabaki kama dirisha dogo. Akakiangalia, akaniangalia. Akakifunika.

Jua lilipozama nyumba yetu ilikuwa kama nyumba zote. Ukuta wa kijivu, laini, unaong'aa kwa unyevu. Ndaki aliuzunguka, akasema imekuwa nzuri. Fransisko alipopita alisimama na jembe lake. Akalihamishia bega la pili, akaenda zake.

Timu ilikuja siku mbili baada ya hapo. Gari lilishindwa kupita kwenye tuta la jaruba, wakashuka wakaja kwa miguu, watu wanne, na mjomba Vitus mbele yao, na nyuma yao majirani waliokuwa wanafuata tangu nyumba ya kwanza. Mmoja alishika kopo la rangi nyekundu na brashi. Kiongozi wao alikuwa kijana mpole. Alimwamkia Mbuke shikamoo, akaomba radhi kwa usumbufu. Mpaka sasa nikimkumbuka ule upole wake ndio unaoniuma.

Hakuuliza ng'ombe. Hakuuliza kabila. Alisema kazi yao ni moja, kujua nani alikuwa amejenga huku kabla ya mwaka wa mafuriko makubwa na nani amekuja baada ya hapo. Wa kabla watabaki, watapimiwa. Wa baada wataondoka, kwa sababu watu wamekuwa wakiingia bondeni na kujenga haraka haraka wakisikia kuna upimaji. Nilimwangalia mjomba. Nadhani na yeye jambo lenyewe alikuwa amelielewa siku hiyo hiyo, kwenye nyumba za mwanzo, maana uso wake ulikuwa umekauka.

Kijana akaubonyeza ukuta kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Mama," alisema, "nyumba hii ni ya juzi."

Mbuke akasema si ya juzi, amekaa hapa tangu kabla ya mafuriko hayo, huyu mwanawe akiwa na kaptula ya shule. Kijana akazunguka, akaangalia. Bati tulikuwa tumebadilisha mwaka uliopita baada ya nyasi kuoza, lilikuwa bado linang'aa. Magogo ya zizi yamekwenda, mashimo yake yamefukiwa kwa udongo mpya. Ukuta mbichi. Ukija kama yeye, hujui chochote, ungesema watu hawa wamejenga wiki hii.

"Mimi nasema ninachokiona, mama yangu."

"Iko chini," Mbuke alisema. "Subirini. Iko chini ya huu udongo."

Akaanza kubandua. Alitumia kucha, kisha akaokota kipande cha kibuyu. Udongo ulitoka kwa mabonge, na nyuma ya bonge, upande wa ndani, kulikuwa na weupe. Rangi ilikuwa imeondoka pamoja nao. Alikuwa amevilowesha vile viganja mwenyewe ili udongo ukae, na vyote vilikuwa vimelainika vikagandamana, kilichowekwa juzi na kilichowekwa miaka yote ile. Alibandua hapa, akahamia pale. Ukutani kulibaki mabaka tu, kijivu na weupe wa maziwa yaliyomwagika. Alikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya tawi la kulia, nikajua anatafuta nini, nikageuza uso.

Kijana alimuuliza kwa heshima, "Hapo palikuwa na nini?"

"Miaka yangu."

Hakuelewa, na nani angeelewa. Akamgeukia mjomba. "Mwenyekiti, wewe ndiye mwenyeji wetu. Hawa wamekaa hapa tangu lini?"

Nilikuwa nimempakata Eliza. Nilihesabu moyoni mwangu vitu ambavyo mjomba angeweza kusema. Angeweza kusema alikula ubwabwa hapa. Angeweza kusema ukuta ulikuwa na picha, yeye ndiye aliyewaambia waifute. Lakini kusema hivyo ni kukiri mbele ya timu kwamba mwenyekiti aliwafundisha watu kuficha. Mjomba Vitus aliangalia viatu vyake vilivyojaa tope.

"Watu hawa," alisema, "wanakuja, wanaondoka. Ni vigumu kujua."

Nikasema, "Mjomba." Nikasema, si wewe uliyenitoa kwetu ukanileta kwenye mlango huu? Kijana akauliza mimi ni nani. Mjomba akajibu kwamba mimi ni mwanawe, nimeolewa hapa. Kijana akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema basi dada ana upande wake, hawawezi kumsikiliza. Akawageukia majirani. Fransisko alikuwa mbele kabisa. Kila mwaka alikuwa anauliza mti umezaa nini, angeweza kuwatajia tawi kwa tawi. Alisema yeye anaishi ng'ambo ya jaruba na huku hapajui vizuri. Sasa hivi ule mwinuko analima yeye viazi.

Wakachora alama nyekundu. Yule wa brashi alipatafuta mahali pakavu akapakosa, akachora juu ya mlango, kwenye ubao.

Mbuke alikuwa bado amesimama, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Aliwaacha wakashuka mwinuko, wakaruka mfereji. Halafu akamwambia mjomba, aliyekuwa amebaki nyuma kidogo kama mtu aliyesahau kitu, bila kupaza sauti:

"Vitus. Umenifuta kwa mkono wangu mwenyewe."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita jina lake hivi hivi. Mjomba akawafuata wenzake.

Mpunga tuliuvuna haujakauka vizuri. Tukahamia Ifakara mjini, chumba kimoja, nyumba ya bibi mmoja mfanyabiashara wa vitenge anayeitwa Chiku. Ndaki anabeba magunia kwenye mashine ya kukobolea. Anarudi amekuwa mweupe kwa pumba mpaka kope. Mjomba alituma salamu mara moja, na kuku. Yule kuku Mbuke alimpa jirani.

Nyumba ya Chiku ni ya saruji, imepakwa rangi ya krimu, na tulipoingia sharti la kwanza lilikuwa hakuna kugongea misumari wala kuchafua ukuta. Eliza bado ana mazoea yake. Wiki ya kwanza alikwenda pembeni ya mlango wetu, akabana vidole vyake pamoja, akabandika mkono ukutani, akageuka kumwangalia bibi yake. Alikuwa ameshika mkaa kabla ya hapo, alama ikabaki. Mbuke aliinuka, akaushusha ule mkono pole pole, akaubusu ndani. "Si kwetu," alimwambia. Nikachukua kitambaa chenye sabuni nikafuta, na palipofutwa pamebaki peupe kuliko kwingine, Chiku akapaona.

Uani Chiku ana maua yake kwenye ndoo za rangi zilizokwisha. Katikati ya maua hayo, kwenye ndoo nzuri kuliko zote, ipo zawadi aliyoletewa kutoka Dodoma. Ni dungusi. Siku ya kwanza Mbuke alipoliona alisimama na beseni la nguo kichwani, hakusogea. Alilisogelea jioni, akaligusa mwiba kwa ncha ya kidole. Usiku ule alinisimulia tena habari ya ndama wa Meatu, yote, kama vile sijawahi kuisikia.

Wapangaji tunamwagilia maua kwa zamu, kila asubuhi. Ni sharti jingine. Zamu yetu ilipofika Mbuke alimwagilia ndoo zote, akaliruka lile. Ilipofika tena, akaliruka tena. Chiku akaja mlangoni. Si mtu mbaya, ana mdomo tu.

"Bibi, ua langu la Dodoma unalikosesha maji kwa nini?"

"Halitaki maji, mama. Litaoza."

"Ua gani lisilotaka maji?" Chiku akacheka, akawaangalia wapangaji wengine wacheke naye, wakacheka. "Labda huko kwenu porini. Bibi, sema umechoka, nimpe zamu mkweo."

Mbuke akamweleza. Alimweleza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwamba amekua nalo na ameliona likioza kwenye ardhi hii mara nyingi, kwamba ndoo ile haina tundu chini. Chiku alisikiliza nusu. Akasema aliyemletea ni mtu aliyesoma, hakumwambia habari hiyo, na kwamba chumba chetu kuna watu wanakiulizia.

Jioni Ndaki aliambiwa. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda na pumba zake, hakumwangalia mama yake usoni. "Mwagia tu, mama," alisema. "Ni ua la watu."

Asubuhi ya leo ilikuwa zamu yetu. Nilimwambia nitakwenda mimi, akachukua kopo mkononi mwangu. Chiku alikuwa barazani anapiga mswaki, anaangalia. Mbuke alimwagilia waridi, akamwagilia yale mengine, akafika kwenye dungusi. Aliinama, akalibonyeza shinani kwa kidole gumba, palepale linapotokea kwenye udongo. Nilikiona kidole kinazama.

Alilimiminia kopo zima. Kisha akachota jingine, akamimina, mpaka maji yakasimama juu ya udongo.

"Umeona," Chiku alisema, povu la dawa ya meno mdomoni. "Si ndivyo."

"Ndivyo, mama," Mbuke alisema. Akajifutia viganja kwenye khanga, akaniambia nimpe mtoto ambebe.